Tumbo Tupu la Kuhe

Watoto wangu, mwalimu wenu wa biolojia alifika kwangu na kaye mpya, yaani daftari, na kalamu za biki mbili, akasema, "Mama Nyota, uandikie batoto yote unajua juu ya samaki ya ziwa yetu."

Nikamwambia amekosea nyumba. Mimi nilisoma kijijini Swima mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza vizuri.

"Umepasua samaki miaka ngapi?" akauliza.

Nikahesabu kwa vidole vya mikono, nikaingia vya miguu, navyo vikaisha. Akacheka, akaacha kaye juu ya kiti, akaenda zake.

Basi ninaandika. Ukurasa wa kwanza nimeufuta mara tatu. Nitajaribu Kiswahili cha kitabu, lakini watu wakianza kusema nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Baraka, maana Papa Ramazani akisikia nimemsemesha kama redio, atanicheka mpaka nihame mtaa.

Papa Ramazani ni mvuvi wa mshipi. Niliharibu jina lake pwani yote kwa kosa langu mwenyewe, na kosa lenyewe lilitoka ndani ya tumbo la samaki. Nitafika huko. Kwanza niwaambie kazi yangu, ili mjue watu wazima wanawezaje kugombana juu ya tumbo la samaki.

Nilinunua samaki wabichi asubuhi mitumbwi ikifika, nikawapasua, nikawakausha kwa moshi, kisha wakapanda pikipiki kwenda Misisi kwa wachimbaji wa dhahabu. Barabara ile mnaijua. Samaki asiyekauka vizuri anafika Misisi akiwa uji. Wangu walifika wazima. Ukiwagonga mezani walilia ko, ko, kama ubao. Hilo ninalisema bila aibu. Kuna mambo mengi siyajui, lakini moshi ninaujua.

Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu, mwanamke mfupi wa kabila la Wabembe ambaye hakuwa anarudia neno. Chini ya kichanja changu cha kwanza niliwasha moto mkubwa kwa sababu nilitaka kumaliza mapema niende kusuka nywele. Niliporudi, samaki walikuwa wameanguka ndani ya moto, wamekuwa weusi kama makaa, na mbwa wa jirani alikuwa amesimama pale, hataki hata kuonja. Mama mkwe akatazama, akaniuliza tu, "Makala nimeona. Samaki iko wapi?" Akaingia ndani. Kuanzia siku ile nilijua kwamba moto wenye ulimi ni adui. Unataka moto uliolala, kuni zilizokauka, na moshi mwembamba unaopanda polepole mpaka mgongo wa samaki ubadilike rangi kama chai ya rangi.

Samaki mkubwa unampasua mgongoni, siyo tumboni, anafunguka kama kitabu. Nyongo usiiguse, ikipasuka, umewalisha wachimbaji dawa ya malaria. Na kabla ya kununua, unaangalia jicho, unaangalia matamvua kama bado ni mekundu. Hayo kila mama wa pwani anayajua. Lakini mama mkwe alikuwa na sheria yake ya ziada. Alisema samaki wa leo ana chakula tumboni. Mwenye tumbo tupu alikaa wavuni muda mrefu akafia humo, au alilala kwenye mtumbwi wa mtu. Huyo hapandi pikipiki ya Misisi.

Nilishika sheria hiyo kama katekisimu. Na niwe wa haki, kwa samaki wengi ilinisaidia kweli.

Ndiyo maana nilikuwa na kaye. Kila siku niliandika ndani yake matumbo. Wengine huandika bei, mimi niliandika jina la samaki, kisha alichokula. "Mukeke, ndagala kumi na moja," yaani dagaa. "Sangala, mukeke mzima, hata jicho halijaharibika." "Ngege, majani." Watoto wangu walinicheka, wakaita kitabu hicho Injili ya Matumbo. Lakini kwa kaye ile nilijua nani anamla nani humu ziwani, na nilijua pia mambo ambayo sikutafuta. Katika kaye za zamani kuna sangala ambaye kichwa chake peke yake kilijaza beseni. Katika kaye za mwisho niliandika "sangala" na pembeni nikaweka "mutoto", kwa sababu aliingia kwenye sahani.

Sasa niwaeleze lile ambalo mwalimu wenu anataka. Anasema wenye elimu wanapanga samaki kwenye ngazi. Kuna samaki wasio na shida. Kuna walio hatarini, na juu yao waliokwisha kabisa. Na kati ya wasio na shida na walio hatarini kuna ngazi moja ambayo haipigi kelele: wale wanaokaribia hatari. Hawajaingia bado. Ukienda pwani unawapata, unawanunua, unawala, na mtu akikuambia wanapungua unamuonyesha beseni lako.

Nilifikiri sana nitawaelezaje. Fikirieni maharage kwenye chungu. Umeyaweka motoni, umekaa kupiga hadithi na jirani. Mwanzoni maji ni mengi na chungu kinasema bwata bwata. Baadaye maji yanapungua na sauti inabadilika, inakuwa nzito, pfu, pfu. Hakuna kilichoungua. Hakuna harufu. Ukifunua utaona maharage mazuri kabisa. Lakini mama anayejua kupika, akisikia sauti ile, anaacha hadithi katikati ya neno na kukimbilia maji. Asiyejua anasubiri harufu. Harufu ikifika, hata ukimwaga ndoo nzima, chakula kina ladha ya kuungua mpaka mwisho. Samaki wanaokaribia hatari ni chungu kilichobadilisha sauti.

Kuhe wameandikwa ngazi gani na wenye elimu, mimi sijui, na sipendi muandike kwenye mtihani kwamba Mama Nyota alisema. Ninasema tu ya pwani yetu. Hapa kwetu, chungu cha kuhe kilibadilisha sauti, na mimi nilikisikia vibaya.

Kuhe mnamjua, yule mkubwa, wa manjano, mwenye madoa meusi ubavuni. Nyama yake inakubali moshi kuliko ya samaki yeyote. Wachimbaji wa Misisi walikuwa wakimuulizia kwa jina. Na miaka ile, mtu aliyeleta kuhe mara nyingi alikuwa Papa Ramazani. Wavuvi wengine walibahatisha mmoja mmoja kwenye maji marefu. Yeye alitoka alfajiri, kabla ya saa nne amerudi, na kuhe wake bado anapiga mkia.

Mimi nilikuwa mteja wake wa kwanza. Nikamnunua kuhe, nikampasua nyumbani, tumbo tupu. Nikaandika. Siku iliyofuata mwingine, tumbo tupu. Siku mbili baadaye, tupu tena. Nikaanza kuwaza vibaya. Nikasema moyoni, mzee huyu ana mtego wa siri mahali, anawahifadhi wakiwa wamefungwa, anatuletea wa juzi kama wa leo.

Ningeweza kumuuliza pembeni. Sikufanya hivyo. Asubuhi moja nilimpasua kuhe wake pale pale mchangani, mbele ya bamama wote, akina mama wauzaji, nikainua utumbo juu ya kisu.

"Papa Ramazani, kuhe hii imelala wapi?"

"Imelala ndani ya ziwa, kama baba yake," akajibu, na watu wakacheka.

"Tumbo iko tupu! Hata uduvi moja hakuna. Na ya jana ilikuwa tupu, na zile za wiki ilipita. Uko unatulisha samaki ya zamani!"

"Mama, mi nilivua hii wakati jua inatoka! Angalia jicho yake!"

Hapo Mama Bitisho, muuzaji mwenzangu, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, akadakia, "Muache! Kuhe yake iko inafunga Ramadhani pamoja na yeye!"

Pwani yote ikaanguka kwa kicheko. Papa Ramazani kwa kawaida hucheka mzaha wa Bitisho, na humrudishia mkali zaidi. Siku ile hakucheka. Alikusanya kasia lake akaenda.

Wiki ile hakuna mama aliyemnunua. Mke wake alibeba beseni mwenyewe mpaka Swima, na huko wakamuuliza, "Hii ni ile ya kulala?" Akarudi na samaki wote. Mvuvi bila mtumbwi anaazima mtumbwi, mvuvi bila wavu anaazima wavu. Mvuvi ambaye bamama wamemwita mwongo ataazima nini? Nililiona hilo, na bado nilijiambia nimetenda haki, kwa sababu sheria ya mama mkwe ilikuwa upande wangu.

Papa Ramazani alikuja nyumbani kwangu mchana mmoja, akakataa kiti.

"Mama Nyota, mi si mwizi. Kesho utapanda mutumbwi wangu. Utaona na macho yako kuhe inatoka ndani ya maji, utaipasua pale pale, utarudi nayo pwani, na utaambia bamama bote ile umeona. Njo tu ninaomba." "Njo" yetu ni "ndiyo" ya kitabu, mwalimu asinisahihishe.

Nikasema ndiyo, halafu nikakumbuka kwamba sijui kuogelea. Umri wote ule nimekula kwa ziwa, na maji yaliyopita magoti sikuwa nayaamini.

Alipoondoka nilifungua kaye, kutafuta ushahidi wa kunitia nguvu. Nilisoma kuhe wote, kutoka mbele kwenda nyuma. Nikaona kitu ambacho nilikiandika kwa mkono wangu na sikuwahi kukisoma. Kuhe wa wavuvi wengine, wale wa maji marefu, matumbo yao yalijaa ndagala. Kuhe wa Ramazani walikuwa watupu, na walikuja wawili wawili. Leo dume, kesho jike. Siku mbili tatu kimya. Tena dume, kesho yake jike. Nikakaa na kaye magotini. Mtu wa kuhifadhi samaki mtegoni angewapangaje mume na mke? Sheria yangu ilianza kutikisika.

Asubuhi tulitoka mapema kabla ya upepo. Nilishika mbao za mtumbwi pande zote mbili, na Papa Ramazani akasema, "Usibebe mutumbwi, mama, yenyewe itatubeba." Ndiyo maneno pekee ya mzaha aliyoniambia njiani.

Tukafika mahali penye mchanga mweupe kati ya mawe, kusini ya mji, maji ya pima mbili hivi. Ziwa letu asubuhi, mnajua, ni kama hakuna maji. Akaweka kasia chini akanionyesha kwa kidevu.

Kuhe wawili. Wakubwa, wamekaa juu ya mchanga, mmoja huku, mwingine kule, wakizunguka polepole. Katikati yao niliona kitu kama vumbi la makaa lililomwagwa majini, lakini vumbi lile lilikwenda na kurudi pamoja. Nikainama. Yalikuwa macho. Macho madogo mengi sana, kila jicho na mkia wake.

"Batoto," nikasema.

"Njo, batoto yao," akasema, kama mtu anayeambiwa kwamba maji yanalowesha. Akafunga kipande cha kitambaa cheupe kwenye ndoano.

"Hiyo ni chambo gani? Nani anakula kitambaa?"

"Haiko inakula, mama. Iko inakasirika. Baba yangu alinifundisha. Ukiteremusha kitu karibu na batoto, anakuja anauma ili afukuze. Njo siri yangu, usiambie Bitisho."

Akateremsha. Dume alikuja kama mshale, akauma, na Papa Ramazani akamvuta ndani. Alikuwa mnene kiasi kwamba mtumbwi uliyumba nikapiga kelele. Ndoano ilikuwa imeshika mdomo tu.

"Haya," akasema. "Pasua."

Nilikuwa na kisu mkononi. Kabla ya kuinama niliangalia tena majini, sijui kwa nini. Kutoka kwenye mawe walikuwa wametoka samaki wadogo wengi, wale ambao hata paka hawataki. Waliingia upande aliokuwa dume. Jike akawafukuza, na upande wake mwenyewe ukabaki wazi, wengine wakaingia huko. Akarudi, na upande wa kwanza ukafunguka tena. Lile vumbi lilikuwa linapungua tukiangalia. Ungeweza kulinganisha na mama mmoja anayefukuza kuku kwenye mihogo ya nyua mbili.

"Angalia," nikamwambia.

"Nini?"

"Angalia tu, papa."

Akaangalia. Nilimwamini aliponiambia kwamba tangu ujana wake hakuwahi kuangalia. Ukishapata kuhe unaweka, unapiga kasia, unakwenda mchanga mwingine. Jike unamrudia kesho, anauma kwa urahisi zaidi. Nani angebaki kutazama maji? Alikaa ameinama, na kuhe akipigapiga mkia karibu na miguu yetu.

"Banakula batoto yake," akasema.

"Njo maana tumbo yake iko tupu, iko inachunga. Haina nafasi ya kula." Nilisikia maneno yakitoka kwangu ndipo nikayaelewa. Kaye yangu ilikuwa imesema kweli muda wote ule, wawili wawili, na mimi niliisoma kama mashtaka.

Papa Ramazani akauliza, "Ukipasua hii na kurudi nayo, bamama bataamini?"

"Bataamini. Itakuwa bado inatoka damu."

"Na nikiirudisha?"

"Sitakuwa na kitu ya kubaonyesha."

Sasa hapa lazima niwe wa haki, hata kama haya ni maandishi yangu na ningeweza kuyapamba. Kisu kilikuwa mkononi mwangu, na sikukiweka chini. Nilikuwa ninafikiria jina lake, ndiyo, lakini nilikuwa ninafikiria pia kuhe yule kwenye kichanja changu, alivyokuwa mnene. Aliyemtoa ndoano ni Papa Ramazani. Aliyemshika kwa mikono miwili chini ya maji mpaka akapata pumzi ni Papa Ramazani, mwenye watoto sita na wiki nzima bila kuuza. Dume alilala ubavu kidogo, akajiweka sawa, akaenda moja kwa moja kwenye mchanga. Wale wadogo wakatawanyika kama wanafunzi wanaomuona mkuu wa shule. Sijui kama aliishi mpaka jioni. Tulimwona akirudi mahali pake, hilo tuliliona.

Leo wavuvi kadhaa wa mshipi wanaupita mchanga ule wakati kuna watoto, na wanamtafuta kuhe kwenye maji marefu, ambako anauma kwa njaa na siyo kwa hasira. Siyo wote. Kuna anayepita na kuna asiyepita, na asiyepita mara nyingi ana sababu jikoni kwake. Simhukumu, maana wale wawili wawili wa kaye yangu, ni mimi niliyewanunua na ni mimi niliyewapasua. Lakini siku ile, tukirudi, hakukuwa na mwingine aliyemrudisha samaki, alikuwa Papa Ramazani peke yake na kasia lake.

Bamama walikuwa wamejipanga pwani. Waliijua safari yetu, pwani haina siri. Mama Bitisho aliingia majini mpaka magotini, akachungulia ndani ya mtumbwi, mbele na nyuma, akainua hata kikapu changu.

"Iko wapi?"

Nilishuka. Nikasema kwa sauti, ili hata wale wa mwisho wasikie: "Bamama, mi njo nilikosea. Papa Ramazani hakutudanganya hata siku moja. Kuhe yake ilikuwa ya leo. Tumbo ilikuwa tupu sababu zilikuwa zinachunga batoto, haziwezi kula. Nimeona na macho yangu. Nilimuharibia jina bure, na ninamuomba musamaha mbele yenu."

Halafu sauti kutoka nyuma: "Na samaki ya kuonyesha?"

"Aliivua. Halafu aliirudisha ndani ya maji, sababu batoto yake walikuwa wanakuliwa."

"Aliirudisha!" Bitisho akageuka kumtazama Papa Ramazani, ambaye alikuwa anajifanya anafunga kamba ambayo tayari ilikuwa imefungwa. "We papa, kuhe ilikuwa kubwa namna gani?"

Akaonyesha kwa mikono, bila kuinua macho. Bitisho akanitazama mimi. Nikasogeza mikono yangu mbali zaidi kuliko yake, kwa sababu alikuwa ameonyesha ndogo.

Bitisho akapiga makofi. "Bamama, sikieni! Muntu mwenye kurudisha kuhe ya vile ndani ya maji, na watoto wake iko na njaa, huyo atadanganya mi juu ya samaki ya jana? Kesho mi njo wa kwanza kwa mutumbwi wake. Mama Nyota atakuwa wa mwisho, na anyamaze!"

Wakacheka, na safari hii Papa Ramazani alicheka pamoja nao.

Kesho yake nilipanga mstari, nikawa wa mwisho, nikanyamaza. Nimekausha samaki wengi ambao ninajivunia, watoto wangu, lakini mkiniuliza siku ya kazi yangu ninayoipenda kuliko zote, ni ile ya kabla yake, ya mtumbwi, ambayo kichanja changu kilikaa bila samaki hata mmoja na sikuwasha moto.